Fungu la Ziwani

Nairobi, Jumapili baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mwanao. Goti lako linaendeleaje, na yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Nyasaye, Mungu wetu. Moyo ndio unaoumwa. Salamu kwako pia, Mzee Marwa, jirani yetu unayemsomea Mama. Ni kwa ajili yako naandika Kiswahili, maana Kijaluo cha kusoma kinakushinda, wewe mtu wa Kehancha.

Mama, barua yako nimeisoma mpaka imechanika penye mkunjo. Ulisema mbegu za mahindi zilifika Rongo, Uriri, Kehancha na Homa Bay, lakini kina mama wa kundi lenu la Ziwani hamkupata hata punje. Watu wakasema Mzee Marwa, kwa kuwa ndiye mshika ufunguo wa ghala, amezivusha Tanzania akaziuza, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi watamnyang'anya ufunguo mbele ya mkutano. Maneno hayo aliyaandika yeye mwenyewe, wewe ukisema yeye akiandika, na hakufuta hata moja. Nami nikakujibu habari za mvua ya Nairobi! Aibu gani hii.

Mama, hakuuza. Orodha yenu haikutoka kwa sababu yangu.

Kazi yangu hapa ofisi ya mbegu unaijua: nalisha mashine kadi ngumu zenye matundu. Kadi za amri, zinazoiambia mashine la kufanya, hutangulia, kadi za majina ya wakulima hufuata, fungu moja kwa kila kundi, na mashine huchapa orodha ya kila fungu ili lori lijue pa kushusha mbegu. Mkubwa wangu alinifundisha vizuri. "Amri zako zisitaje fungu lolote," alisema. "Iambie mashine ichukue fungu linalokuja, ilichape, irudie hivyo mpaka kadi ya mwisho. Amri hizo zitakufaa hata mwakani." Ni kama ungo wako, Mama, haukuulizi kama ni mtama au wimbi.

Lakini mimi na kichwa changu! Nilitaka majina ya kwetu yaingie ndani ya ile mashine kubwa. Nikayatoboa moja moja kwenye kadi za amri: Rongo, Uriri, Kehancha, Homa Bay. Mwaka wa kwanza mashine iliyakubali, nikajisifu kwa wenzangu wee. Mwaka huu Homa Bay ikagawanywa, kundi lenu likawa fungu jipya, Ziwani. Amri zangu hazikulijua, mashine ikaliruka kimya. Niliona mafungu ni matano na orodha ni nne, nikadhani moja ni nakala, nikalifunga kamba nikalitia kabatini. Jina lako lilikuwa humo.

Juzi nilimwambia mkubwa wangu yote. Akasema tu, "Kaa chini, andika upya." Nimeandika upya, bila jina la mahali popote. Orodha yenu imetoka, nakala yake iko ndani ya bahasha hii, na mbegu zitakuja na lori la wiki ijayo. Najua mvua za masika zimewapita. Mtapanda za vuli, na njaa ya miezi hii ni juu yangu.

Mama, Mzee Marwa akirudi nyuma kusoma mstari mara ya pili, usimharakishe. Watu watasema ameyatunga kwa kuwa ndiye msomaji, kwa hiyo siku ya mkutano mpe mwalimu wa shule barua hii aisome mbele ya wote, pamoja na jina langu.

Nisalimie dada yangu mkubwa aliyeolewa Rongo, na shangazi Akinyi mfinyanzi, mwambie chungu chake bado kinanipikia.

Na wewe Mzee Marwa, baba yangu, nisamehe. Ubaya uliosingiziwa uliuandika bila kuruka neno. Huu wangu ni wa kweli. Uusome hivyo hivyo, kwa sauti, usiuruke.

Ni mimi mwanao, nisiyeweza kuinua uso,
Odhiambo