Mizinga ya Novatus

Jenifa we, uko wapi? Mzee Kahigi leo kaumbuka mbele ya jumuiya nzima!

Si unajua tangu mwanawe Novatus aende jeshini, hapa kijijini Ndama hatupumui? "Kijana wangu yuko kwenye mizinga!" Kwenye pombe ya rubisi, mizinga. Msibani, mizinga. Hata padri kaambiwa alale mlango wazi, mpaka wa nchi umelindwa.

Sasa Novatus karudi likizo, jicho moja limevimba mpaka limefumba. Mzee akamshika bega, machozi yanamlengalenga: "Tazameni! Huyu ametoka vitani!"

Katekista akauliza kwa heshima kabisa: "Hiyo mizinga yenu inapiga mpaka wapi, mwanangu?"

Novatus wa watu: "Haipigi, baba. Tunairina."

TUNAIRINA, Jenifa. Asali! Ni mizinga ya NYUKI!

Mama Novatus akajifunika kitenge usoni, mabega yanamcheza kwa kicheko.

Mzee je? Kaitazama ndoo ya asali aliyoletewa. Kachovya kidole, kalamba, kakohoa.

"Basi mmesikia wenyewe," akasema. "Watoto wa wenzangu wanaongoza askari kumi, ishirini. Wangu anaongoza maelfu, na kila mmoja ana silaha yake."