Maji Yasiyopanda

Kwa Shangazi Nzembi,
Kinoo.
18 Novemba 2006

Mpendwa Kaka Kimanzi,

Pokea salamu kutoka huku kwenye matope. Kifua chako kimepoa, au baridi ya Arusha bado inakutesa? Sisi tu wazima. Mguu wa Shangazi umepona, na sasa anatugombeza akiwa amesimama.

Nimepita mtihani wa marudio wa kalkulasi, kwa hivyo chuo hakinifukuzi tena. Mshukuru Mungu. Yule Haron wako usimshukuru.

Wewe ndiye uliyenituma kwake, pale ghorofani River Road anakofundisha twisheni, ukisema ni moto wa kuotea mbali. Kumbe ni moshi mtupu. Kanuni tuliiimba kama kwaya: teremsha kipeo, punguza moja, namba iliyo peke yake inakufa. Nilipouliza inakufa kwa nini, alicheka. "Hiyo 'kwa nini' haiko kwenye mtihani, dada. Imba."

Basi nikaimba. Akatupa swali: maji yanamiminwa kwenye chombo chembamba chini, kipana juu, yakifika kina fulani, yanapanda kwa kasi gani? Nikaweka kile kina mwanzoni kabisa, kila kitu kikawa namba tupu, namba zikafa, jibu sifuri. Yaani mfereji umefunguliwa, maji yanaingia, na hayapandi. Haron akaniwekea alama ya vema, mtu mzima na tai shingoni.

Jumamosi moja nilikuwa nakinga maji kwenye ndoo ya Shangazi, ile nyembamba chini. Yalianza kwa kupanda mbio, kisha juu yakajikokota, na mfereji ni ule ule. Hapo ndipo nikaelewa. Hesabu hii inauliza tu kitu kinabadilika haraka kiasi gani pale pale unapokitazama. Kisichobadilika kina sifuri, na hicho ndicho kifo alichokuwa akikiimba Haron. Mimi nilikuwa nimeyagandisha maji kabla ya kuuliza yanakwendaje. Shangazi akauliza kama ninasomeshwa ili nitazame ndoo.

Mtihani wa marudio ulileta swali la tangi la namna hiyo. Nikayaacha maji yapande kwanza, kina nikakiweka mwishoni.

Jana nilikuta Haron ametundika bango la kujitangaza: "Nzula, tunda la Mwalimu Haron." Nikapanda kumwambia aliondoe. Akakataa mbele ya darasa. Nikachukua chaki, nikaandika lile swali lake ubaoni, nikamwomba atuonyeshe. Akalifanya kwa madaha. Jibu: sifuri.

Darasa zima likanakili.

Nisalimie Wifi Naliaka na Debra mdogo. Mungu awafunike, na mtoto akianza kuuliza kwa nini, msimnyamazishe.

Dadako akupendaye, asiye tunda la mtu,
Nzula