Boma la Asiyetajwa

Jumatano, 30 Oktoba 2024

Leo nimewachekesha watalii wa kempusaiti mpaka wakatoa machozi. Ile ya chui niliyemkamata mkia kule Endulen, nikamzungusha, nikamtupa ng'ambo ya korongo. Mimi Lekoko, niliyeishia darasa la tano! Karatu nzima hakuna mdomo kama huu.

Nimerudi nyumbani nikakuta kinyaa. Kamati ya fidia imefika. Sisi tuliofukuzwa bondeni kwetu na yale mapigano ya mpaka wa malisho tumedai turudishiwe mahali pa maboma yetu, tujengewe. Vizuri. Ila kuna sharti: mdai asimame ukumbini, ataje kwa sauti jina la mwenye boma, watu wasikie. Eti kwa kuwa vitambulisho viliungua.

Mdai wetu ni shemeji yangu Nalotuesha. Mwenye boma ni mumewe, mdogo wangu. Walimuua siku ileile walipochoma nyumba. Na sisi Wamaasai marehemu hatumtaji. Akizikwa, na jina limezikwa. Nani asiyejua? Kamati! Wamekuja na gari lenye kiyoyozi, akili wameziacha walikotoka. Ptuu!

Alhamisi, 31 Oktoba 2024

Nalotuesha kasimama mbele yao. Mwenyekiti kauliza jina la mumewe. Akajibu, "Yule ambaye hayupo." Kaulizwa tena. "Baba Namunyak."

"Hilo la mtoto, mama. La kwake yeye?"

Akavuta shuka, akafunika mdomo. Wajumbe wawili wakacheka! Mmoja kasema labda hata ndoa haikuwapo. Nilitaka kumng'oa meno — nimewahi kumng'oa nyati pembe, asifikiri.

Kisha likaja chukizo lenyewe. Wilson. Dalali wa mnadani, hajalala hata siku moja bondeni kwetu. Kasema yeye na marehemu walikuwa washirika, boma lilikuwa la wote wawili. Akataja jina. Akarudia. Akarudia tena, kama ananadi mbuzi! Kina mama wakawaziba watoto masikio. Mzee Senteu, jirani yetu wa zamani, akatoka nje.

Kamati ikamwandika Wilson! "Huyu walau anamjua," kasema mwenyekiti. Jumatatu wanafunga. Asiyepinga, amekubali.

Chakula kimenishinda leo. Nimewapa mbwa.

Jumamosi, 2 Novemba 2024

Hyasinta, Mwiraqw mwenye nyumba tuliyopanga, katoka kanisani. Leo wanaombea wafu wao. Anasema padri kasoma majina ya wote, mpaka la babu yake.

"Kwani mnaogopa nini, baba? Wewe si ndiye mrusha chui?"

Nikamwambia chui hakuwa ndugu yangu.

Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akaenda kumpakulia Namunyak makande.

Jioni nikamwambia shemeji: nitapinga mimi. Mimi ndiye mdomo wa Karatu!

"Sikuulizi habari za mdomo, shemeji. Nakuuliza, utamtaja? Mbele ya mtoto wake?"

Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Mimi!

Akasema taratibu, huku anachochea moto: kaburi liko palepale bomani. Wilson atafungia mbuzi wake wa mnada juu yake.

Nilitoka nje nikajaribu kulisema peke yangu, nyuma ya choo. Taya likagoma. Hata hapa kalamu inaliruka.

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Naandikia kwenye benchi nje ya ukumbi. Wao wanakunywa chai. Wanakula na maandazi, wanajipangusa vidole!

Niliitwa wa kwanza. Shuka jipya, rungu mkononi. Mwenyekiti akanitambua. "Si wewe mzee wa chui, wa kule kempusaiti?" Ukumbi ukacheka. Wilson meno nje kama fisi.

Akaniambia: kama kweli u ndugu wa damu, mtaje, na pingamizi lako tutalisikiliza. Usipomtaja, boma ni la Wilson.

Nikafungua kinywa. Nikajisikia naongea... habari za chui! Na mkia, na korongo, vyote! Sijui vilitokea wapi. Watu wakapiga makofi. Nilijinukia mwenyewe kama mzoga. Senteu alitazama chini. Nalotuesha hakucheka.

"Baada ya chai, mara ya mwisho," kasema mwenyekiti, anajifuta macho.

Chui nitawarusha mia. Lakini jina la mdogo wangu niliyembeba mgongoni, nikamfundisha kuchunga ndama — jina moja tu!

Karani yuko mlangoni. Ananiita. Wilson anamalizia andazi.

Nawaona dirishani. Nalotuesha kakaa mbele kabisa, kampakata Namunyak. Kamziba masikio kwa viganja viwili, kayabana sana. Na jina bado halijatajwa.

Ananitazama mimi.