Pumba za Kuyu

Mjukuu wangu Kondo,

Marahaba. Huku Matombo tu wazima, mama yako yuko shambani anakata ndizi.

Umeuliza kwa nini bibi yako anamwaga pumba mtoni na samaki havui. Kaka yangu Kibwana alinifundisha kwamba kuyu, samaki wa mto wetu, hafukuzwi, huzoeshwa. Unamlisha kila asubuhi pale maji yanapotulia chini ya maporomoko, akishazoea ndipo unatia ndoano. Kuyu wetu walikuwa wameshazoea, askari wa Mdachi wakaja kumchukua Kibwana akabebe mizigo ya vita.

“Mdogo wangu, walishe mpaka nirudi,” aliniambia.

Vita viliisha, wenzake wachache wakarudi. Yeye hakurudi.

Ndoano yake ipo darini. Ukija, uvue wewe. Mimi mkono unakataa.

Bibi yako