Filimbi ya Baba Yao

Mauwa, mudogo wangu,

Ukitoka soko utanikosa, nimeenda Kibombo na treni ya saa tatu. Maharagi iko ku moto, uongeze maji. Watoto wako mu kitanda na jua hili lote. Usiwagombeze.

Asubuhi hii treni imefika, baada ya wiki tatu bila treni, na imepiga filimbi nyuma ya nyumba. Kalonji na Mpoyi wakaacha uji, wakakimbia kulala. Njo kosa langu. Kila magaribi walikuwa wanaruka-ruka mpaka ninalia, basi niliwazoeza: filimbi ya baba ikilia, mufunge macho, musifungue mpaka aingie awaguse paji la uso na kofia yake. Dawa ingine sikupata.

Lakini leo mashinisti, mwenye kuendesha treni, alikuwa mwingine. Ananiambia bwana yangu Kankolongo wamemushusha Kibombo, homa imemupanda ku kichwa, hajui tena mutu.

Magaribi uwaoshe miguu kwanza. Mpoyi alale ku ukuta, la sivyo watapigana mateke. Nyimbo za chama wanazocheza ku masomo usiwaache waimbe, hawatalala. ~~Uwaambie baba anakuja.~~ Usiwaambie kitu.

Nimepita kuwaaga. Bado wamefunga macho, kope zinatetemeka, wanangoja kofia. Nilinyoosha mukono niwaguse mimi, nikaurudisha. Wewe ukifika, uwaamushe. Mimi nimeshindwa.

Dada yako mukubwa