Nimeimba Bila Kabula

Jumapili, mwezi wa nne. Mvua tangu alfajiri, Kiseke yote tope.

Viatu vyangu vya kanisani vimelowa, nimeviegesha karibu na jiko, na mjukuu wangu Neema nimemwambia asiviguse. Chai nimekunywa. Sasa naandika, mwenyewe, kwa kidole kimoja, na asije mtu hapa kunirekebishia herufi. Aliyenifundisha kusoma ndiye ninayemwandika leo, hayupo wa kumpelekea malalamiko.

Leo ilikuwa misa ya kumwombea mdogo wangu Kabula, mwaka mmoja tangu tumzike.

Jamani, nina hamu naye.

Nyie mlimjua kama Mwalimu Kabula wa Igogo. Mababa wazima wenye vitambi walikuwa wakimwona anakuja, wanaficha sigara nyuma ya mgongo. Mimi nilimjua akiwa na kamasi.

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili nikatolewa kulea watoto nyumbani. Nilipoolewa, baba akauza ng'ombe wa mahari yangu akampeleka Kabula shule ya bweni. Baba zangu wadogo walikuja juu. Kwetu ng'ombe wa binti ni wa kumwozesha kaka yake, ndivyo ilivyokuwa. Baba akawajibu, "Huyu mtoto anaimba kitabu kizima cha nyimbo bila kukitazama. Mnataka akachunge mbuzi?" Wakaondoka bila kunywa hata uji.

Sikununa. Nilijivuna, na mpaka leo najivuna, anayeona vibaya shauri yake. Kabula mwenyewe hakuficha. Alikuwa ananisalimia mbele za watu, hata siku aliyovaa joho la ualimu.

"Shikamoo, mwenye ng'ombe!"

"Marahaba, ndama wangu."

Likizo zake alizimalizia jikoni kwangu. Kitabu cha nyimbo za kanisa amekiegemeza kwenye ndoo, mimi namenya mihogo, kuni mbichi zinafuka.

"Dada, soma huo mstari."

"Moshi unaniua, we unaniambia nisome?"

"Yanayolia ni macho. Mdomo una nini? Soma."

Nilimtukana. Nikasoma.

Mume wake alifariki mapema, watoto wakiwa wadogo. Kabula hakurudi kwa baba kulia. Alifundisha, alilea, na kila jioni watoto wote chini kwenye mkeka, sala. Anayesinzia ndiye anayeanzisha wimbo. Yeye mwenyewe alisali kama mtu anayebishania bei ya samaki sokoni mwaloni: anamwambia Mungu anachotaka, anamwambia kwa nini, na haondoki mpaka apewe. Mara nyingi alipewa. Kuna asivyopewa, na hivyo hakuvizungumza hata na mimi.

Sasa nije kwenye wimbo.

Mama yetu alipokufa, Kabula alitunga wimbo kwa Kisukuma, wa kumkabidhi mama kwa Mungu. Alinivuta nyuma ya nyumba, waombolezaji wakiwa mbele, akanipa sauti ya pili. Ya kwanza akabaki nayo yeye. Hatukumpa mtu mwingine. Tumeuimba kwenye arusi, vipaimara na misiba yote ya ukoo, sisi wawili tu tumesimama bega kwa bega. Ukinyoosha simu umrekodi, anakuonyesha mlango. "Ukitaka kunisikia njoo nyumbani, ubebe na sukari." Basi simuni hayumo.

Wiki iliyopita binti yake Veronika alinipigia. "Mama mkubwa, siku ya misa tuimbe wimbo wa mama. Wafundishe kwaya."

Nikakubali kwa mbwembwe. Alhamisi nikaenda mazoezini, nikasimama mbele ya wale watoto wa kwaya, nikaimba. Nikamaliza. Wananitazama tu.

Erasto, mwalimu wa kwaya, kijana mwenye adabu, akasema polepole, "Bibi, hiyo mbona kama sauti ya pili?"

"Ndiyo. Ni yangu."

"Na ya kwanza inaendaje?"

Nikafungua mdomo.

Hamna kitu.

Nikajaribu tena. Kila nikiitafuta ya Kabula, koo langu linateremka lenyewe kwenda kwenye yangu, kama ng'ombe anayejua zizi lake. Wimbo nimeuimba nusu ya maisha yangu, na siujui. Nilijua kumwegemea, basi. Veronika naye hana, ndugu zake hawana. Wote walizoea kuwa mama yupo.

Erasto akasema anaweza kutunga sauti ya kwanza itakayoendana na yangu. Nikamwakia. "Utamtungia marehemu sauti? Ulimjua wewe?" Maskini, alikuwa na nia njema. Veronika akanishika mkono. "Mama mkubwa, tuuache. Tuimbe mwingine wa kitabuni."

Nikaona wazi. Ukiachwa leo, umekwisha. Hakuna atakayeuliza tena.

Nikasema hauachwi.

Leo baada ya komunyo padri akaniita. Nikaenda na viatu vyangu vinavyotoa maji. Ule wimbo Kabula huanza peke yake. Anamwita mama, anamwita tena, ndipo mimi naingia. Nikasimama, nikasubiri. Sikupanga hivyo, lakini siwezi kuingia kabla yake, sijawahi. Kanisa kimya, mvua kwenye bati. Mtu akakohoa. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Bibi wa watu kasahau."

Sijasahau, mama. Namngoja mwenzangu.

Pale ambapo angekuwa amemaliza, nikaingia. Nikaimba ya chini, ile ile, haipandi popote, kama mtu unayemsikia anaongea na simu na wa upande wa pili humsikii. Penye zamu yake nikanyamaza, kimya kirefu vilevile, sikupunguza. Mara mbili padri alidhani nimemaliza akanyanyuka, akakaa tena. Nikafika mwisho. Hakuna aliyepiga makofi, na angepiga ningemshangaa.

Nje, chini ya mwavuli, Neema akasema, "Bibi, ni mzuri, ila una mashimo."

"Umeyasikia?"

"Kila mtu ameyasikia."

Nikafurahi mpaka nikamnunulia sambusa.

Kesho akitoka shule nitamfundisha sauti yangu. Na pa kunyamaza atanyamaza, si ajifanye mjanja ajazie. Akiharakisha nitamfinya. Veronika naye anakuja, kasema atakaa tu asikilize, huenda ikamjia kidogo ya mama yake. Ije isije, wimbo utaimbwa.

Ila kuna kitu kimenikaa tangu nimetoka kanisani, na chai haijakishusha. Alinifundisha herufi zote, alinifundisha kusoma saa, hata kusoma kipimo cha presha. Kwa nini hakunifundisha ile sauti?

Najua kwa nini. Alipiga hesabu kama watu wote. Mimi ndiye mzee, mimi ndiye wa kuondoka kwanza, naye angebaki nao wimbo, mzima, anaufundisha watoto.

Mkubwa ni mimi, Kabula. Nani alikuruhusu utangulie?