Macho Yako ya Ramadhani

Baba yangu, shikamoo huko ulikolala,

Juzi nimekutana na macho yako, hapahapa Mtoni, kwenye uso wa mwanangu Zulfa. Nusura nizimie.

Unakumbuka ulivyokuwaga ukifunga? Kumi la kwanza haliishi, weupe wa macho umeshageuka manjano. Mama roho juu: "Hiyo nyongo, Baba Rehema!" Anakunyima sambusa, anakuletea kikombe cha mwarobaini. Unamshukuru vizuri, akigeuka tu unamwagia asumini yake pale mlangoni. Ilipokufa, Mama akasema ni hasadi ya majirani. Mie nilikuona, Baba! Ukanikonyeza: "Haya macho yangu ya Ramadhani. Idi ikifika yanarudi." Na kweli yalikuwa yakirudi.

Sasa mwaka huu Zulfa kang'ang'ania naye afunge. Siku chache tu, nikamuona macho manjano. Weee! Mama akakimbilia mwarobaini, mie nikakimbilia hospitali na mtoto. Niliogopa, Baba, nikaona ndiyo namkosa hivihivi.

Daktari akampima damu, akampiga picha ya tumbo. Ini zima kabisa. Akauliza, "Kwenye ukoo wenu yupo mwingine anayepata macho hivi?" Nikakutaja, na sambusa zako ulizonyimwa. Akacheka. Kumbe ini lake ni zito kidogo kuondoa rangi ya manjano kwenye damu, hasa akikaa na njaa au akipata homa. Ni la kurithi, halina madhara wala halihitaji dawa. Ila kufunga asubiri akue.

Nyumbani nikamtobolea Mama siri ya asumini. Kacheka mpaka kafuta machozi, halafu akaenda kumwaga kile kikombe mwenyewe.

Zulfa ndiyo kanuna kuachishwa funga. Mie nina furaha, Baba, nakwambia kweli. Ulifariki kabla hajazaliwa. Sura kachukua kwa baba yake, mpaka vidole vya miguu, na hilo lilikuwa likiniuma. Nilidhani hukumwachia kitu.

Jana kabla ya futari nimemkuta kwenye kioo, kavuta kope chini, anajitazama.

"Unatafuta nini?"

"Babu bado yumo," akasema. Kisha akakisogelea kioo kwa adabu zote: "Shikamoo, Babu."

Nikaona si vizuri mtoto aamkie mtu mzima asijibiwe, nikakuitikia mie: marahaba.

Lala salama, Baba.

Binti yako,
Rehema